Kilichokuwa Juu ya Ukurasa

Jina la Kariakoo lilitokana na orodha za watu. Waingereza walipoingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, walikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kabla ya vita. Wakaligeuza kambi ya wapagazi. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikakifanya Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, iliyozaliwa na maneno yaleyale. Vita vikaisha, soko likarudi kuwa soko, na jina likabaki na mahali.

Watu walioleta jina hilo hawakubaki. Mpagazi alibeba chakula na risasi kichwani, akala kidogo, akalala penye mvua, akafa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika vita ile wakiitumikia Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Haina jina la mtu hata mmoja.

Naifikiria habari hii mara nyingi kwa sababu kazi yangu ni orodha. Nina duka la steshenari mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Tunachapa, tunatoa kopi, tunafanya laminesheni na baindingi, tunajaza fomu za watu wasiopenda kompyuta. Wanafunzi wanakuja na tasnifu zao, wafanyabiashara na mikataba ya fremu, makatibu wa vikoba na mihtasari ya vikao. Kwa miaka hii yote nimejifunza kwamba sehemu ya ukurasa inayopuuzwa kuliko zote ni ule mstari mdogo ulio juu kabisa, na mwenzake wa chini.

Kamusi za kompyuta zinaiita kijajuu na kijachini. Ni maneno mazuri, lakini dukani kwetu hakuna anayeyatamka. Tunasema heda na futa. Siku moja nilimwambia kijana wangu wa kazi, "Weka futa kwenye kila ukurasa," na mama aliyekuwa anasubiri barua yake akashtuka: "Unafuta nini tena, baba?" Nikamweleza. Tukacheka. Lakini wakati mwingine Kiswahili kinajua zaidi yetu, maana futa ndiyo sehemu inayofutika kwanza.

Kabla ya kompyuta watu wa pwani walikuwa na dawa yao. Waandishi wa miswada kwa hati za Kiarabu walikuwa na desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kurasa zikianguka na kuchanganyika, msomaji alifuata neno hadi neno na kuzirudisha mahali pake. Mwisho wa kitabu mwandishi aliweka jina lake na tarehe ya Hijria aliyomaliza kunakili. Kwa hiyo aliyeunganisha kurasa alijua mambo mawili: ukurasa huu unafuata upi, na nani anawajibika kwa maneno haya.

Serikali nazo zilikuja na njia zao. Mtanzania yeyote aliyewahi kupokea barua ya ofisi anajua inavyoanza: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nembo katikati, upande mmoja anwani na simu, upande mwingine yale maneno ya "Unapojibu tafadhali taja", na chini yake Kumb. Na. Mtu wa kawaida anaruka yote hayo aende kwenye "Yah:". Mtu wa masjala anafanya kinyume chake, anasoma Kumb. Na. kwanza. Namba hiyo ndiyo inayomwambia barua iingie jalada gani, ijibu barua ipi, ikae baada ya ipi. Barua isiyo na kumbukumbu kwake ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni. Anazungumza vizuri tu, lakini hajui kwao.

Mashine za taipu ziliilinda desturi hiyo kwa muda mrefu hapa kwetu kuliko kwingine. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na katazo hilo lililegezwa taratibu hadi likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana watu wa rika langu walijifunza kazi kwa karatasi ya kaboni, stensili na saiklostaili. Kwenye taipu hakuna heda inayojirudia yenyewe. Mpiga chapa aliandika kichwa cha kila ukurasa kwa vidole vyake, mara ishirini kama kurasa ni ishirini. Ilichosha. Lakini kichwa kilikuwa kimegongwa kwenye karatasi ileile yenye maneno, na ukichanganya karatasi mia, kila moja ilibaki na kichwa chake.

Kompyuta ilituondolea uchovu huo kwa kukitenga kichwa na mwili. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye siri.

Ukiandika heda katika Word, huiandiki kwenye ukurasa. Unaiandika kando, mara moja, na programu inaionyesha juu ya kila ukurasa. Tangu toleo la 2007 jambo hili linaonekana waziwazi, kwa sababu faili la docx ni kifurushi kilichobanwa. Ukikifungua kama zipu unakuta vipande: kimoja kina maneno yako yote, kingine kina heda peke yake, kingine kina futa. Kinachovifunga pamoja ni maelezo mafupi ya sehemu: ukubwa wa karatasi, pambizo, na heda ipi itumike. Maelezo ya sehemu ya mwisho, ambayo katika faili nyingi ndiyo sehemu pekee, yanakaa mwishoni kabisa mwa maandishi, mahali ambapo jicho halioni kitu.

Sasa chukua faili mbili, uingize moja ndani ya nyingine. Maneno yanaingia. Yale maelezo ya mwishoni hayaingii, yanabaki kwenye faili la zamani. Maneno yaliyohama yanafika ugenini bila kichwa, na yanavikwa kichwa cha mwenyeji. Programu haitoi onyo, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa lililotokea. Unapata kitabu safi, kurasa zimepangika, na juu ya kila ukurasa pameandikwa jambo ambalo ni kweli kwa faili moja tu.

Mwaka 2020 mzee mmoja aliniletea kitabu cha namna hiyo. Alikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana, watu wa asili moja waliokuja mjini zamani, wengine wanaishi Kariakoo, wengine wamehamia Mbagala na Gongo la Mboto lakini wanakutana hapa kila Jumapili ya mwisho ya mwezi. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mezani kitabu kilichofungwa vizuri kwa jalada la bluu.

"Mwanangu," alisema, "hiki kitabu kinasema uongo, na kila neno lililomo ni la kweli."

Chama kilikuwa na mihtasari ya vikao tangu Januari 2011 hadi Desemba 2019. Kila mwezi faili moja, faili 108. Makatibu watatu tofauti waliiandika, na wote walifuata mtindo mmoja: jina la chama, tarehe ya kikao, mahali na jina la katibu viliwekwa kwenye heda, namba ya ukurasa na nafasi ya saini ya mwenyekiti vikawekwa kwenye futa. Ndani ya maandishi hawakurudia tarehe, kwa nini warudie wakati iko juu? Duka jingine, ambalo sitalitaja, lilipewa kazi ya kuunganisha faili zote kuwa kitabu kimoja. Mfanyakazi alifungua faili la mwisho, akaingiza mengine yote juu yake. Kila ukurasa wa kitabu kile, kuanzia wa kwanza, ulisema kikao kilifanyika tarehe 29 Desemba 2019.

Hayo yangekuwa mambo ya kucheka kama mwanachama mmoja asingefariki Februari 2020. Katiba ya chama ilisema mjane hulipwa fedha kamili kama marehemu alichangia miaka mitatu mfululizo. Mjane alisema mumewe alijiunga mwaka 2013. Daftari la wanachama lilikuwa limekwenda na maji ya mafuriko ya Aprili 2018, huko Jangwani alikokuwa anaishi mweka hazina. Ushahidi uliobaki ni mihtasari, kwa maana kila kikao kiliorodhesha waliochangia. Jina la marehemu lilikuwemo, ukurasa baada ya ukurasa. Lakini kitabu kilimwonyesha kama mtu aliyechangia mara nyingi katika siku moja. Wajumbe wawili wa kamati, ambao hawakumpenda marehemu tangu zamani, walishika kitabu hicho wakasema: haya, tuonyesheni mwaka.

Mzee alikuwa na flashi yenye faili za awali. Nikamwambia aniachie siku mbili.

Faili 108 haziunganishwi kwa mkono, na hata ukiweza, kwenye faili la sabini utachoka na kukosea. Kazi hiyo ni ya makro. Makro ni maagizo unayoyaandika mara moja ili programu iyarudie bila kuchoka, na Word imekuwa na lugha kamili ya kuyaandikia tangu toleo la 1997. Watu wengi wanaziogopa, na wana sababu: Machi 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kikiwa ndani ya makro ya faili la Word, na tangu 2022 Microsoft yenyewe inazizuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Lakini makro uliyoiandika mwenyewe ni kama kisu cha jikoni kwako. Unajua ulikiweka wapi.

Kwanza nilibadilisha majina ya faili. Makatibu waliyaita kwa miezi, na kompyuta ikipanga miezi kwa alfabeti huanza na Agosti, ikafuata Aprili, na mwaka unavurugika. Nikaanza kila jina kwa mwaka na namba ya mwezi: 2011-01, 2011-02, hadi 2019-12.

Pili, niliiagiza makro ifungue kila faili na kuweka mwishoni mwake mkato wa sehemu, ule unaoanzisha ukurasa mpya. Hii ndiyo siri yenyewe. Mkato huo unayabeba yale maelezo ya mwishoni na kuyaingiza ndani ya maandishi. Sasa maneno yakihama, kichwa chao kinahama nao.

Tatu, ikavunja kiungo. Word ina tabia ya kuifanya sehemu mpya irithi heda ya sehemu iliyotangulia, kama mtoto anayevaa shati la kaka yake, na ukibadilisha ya mmoja unabadilisha ya wote. Kiungo hicho lazima kikatwe kwa kila sehemu, na si mara moja: kuna heda ya kawaida, heda ya ukurasa wa kwanza, na heda ya kurasa za namba shufwa, kisha futa tatu za namna hiyohiyo. Ukisahau ya ukurasa wa kwanza, kurasa 2 na 3 za kikao zitakuwa sawa, na ukurasa wake wa kwanza utasema mwezi wa jirani.

Nne, namba. Futa za makatibu zilisema "Ukurasa 2 kati ya 4". Namba ya mwisho haikuandikwa kwa mkono, ilikuwa inahesabiwa na programu, na katika kitabu kipya ingehesabu kurasa za kitabu kizima. Nikaibadilisha ihesabu kurasa za sehemu, na namba zianze upya kila kikao. Hatimaye nilizitafuta tarehe zinazojiandika zenyewe. Katibu mmoja alikuwa ameweka tarehe ya kujibadilisha, na kila ukiifungua inasema leo. Hizo zilikuwa kumi na moja. Sikuzikisia. Nilimpigia mzee, akafungua madaftari ya mkono ya katibu yule, akanisomea moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila moja tukaweka alama kwamba tarehe imetoka daftarini.

Jumapili iliyofuata mzee alikwenda kikaoni na kitabu kipya. Jina la marehemu lilionekana kwa mara ya kwanza katika muhtasari wa Mei 2013, na heda ya ukurasa ule ilitaja katibu aliyekuwa bado hai na ameketi palepale. Akaulizwa. Akasema ndiyo, ni mimi niliyemwandika, alichelewa siku ile kwa sababu ya mvua. Mjane alilipwa.

Baada ya hapo nilianza kuona miunganisho kila mahali, na Kariakoo haina uhaba wa miunganisho. Hatua chache kutoka dukani kwangu ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street. Chama cha Waafrika, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1929, kikawa TAA mwaka 1948, na tarehe 7 Julai 1954 kikawa TANU katika mtaa huo. Kila jina lilirithi lililotangulia. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi Party viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Vichwa viwili vya barua viliondoka siku hiyo, kikaja kimoja. Lakini tazama tarehe: ASP ilizaliwa tarehe 5 Februari 1957. Siku ya chama cha visiwani ikawa siku ya kuzaliwa ya chama kipya, na Saba Saba ya TANU ikabaki sikukuu hadi leo. Waliokaa kuunganisha walijua kwamba pande zote mbili zitatafuta, katika ukurasa mpya, mahali palipoandikwa kwao.

Na watunza nyaraka wana kanuni yenye umri mkubwa kuliko ukoloni wetu. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa iliagiza kwamba karatasi zilizotoka ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine hata kama zinazungumzia jambo moja. Jalada la Wilaya ya Lindi linabaki la Lindi. Nyaraka za Kijerumani zilizoko katika Hifadhi ya Taifa, Upanga, zilipita katika vita na mikono mingi, na katika miaka ya 1960 wataalamu walikaa kuzipanga upya kulingana na zilikotoka. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nikiisoma kanuni ile naona heda. Swali lake ni lilelile la mtu wa masjala: haya maneno yalitoka wapi kabla ya kufika hapa?

Soko nalo lilituletea swali hilo. Jengo lililochorwa na Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Wafanyabiashara walihamishwa, na kurudi kwao kukawa suala la orodha: nani alikuwa na kizimba, kipi, tangu lini. Walikuja dukani kutoa kopi za mikataba, risiti za pango na barua, nyingine zimeungua pembezoni, nyingine zimekunjwa mara nane ndani ya kibubu. Wengi walitaka kopi ya bei ndogo, na njia ya haraka ya kupunguza bei ni kubana risiti nne katika karatasi moja, jina na kiasi tu, sehemu ya juu ikatwe.

Nilikataa kuikata kwa mtu yeyote. Sehemu ya juu ndiyo yenye jina la shirika la masoko, namba ya risiti na mwaka. Mama mmoja wa vitunguu alininunia kwa sababu ya shilingi mia mbili za nyongeza. Nikampigia risiti zake moja moja kwenye karatasi nzima, nikazipanga kwa miaka, nikazifunga pini juu kushoto, mbali na namba. Akahesabu: zilikuwa kumi na tisa, ya kwanza ya mwaka 2006. Akalipa, akaziweka ndani ya kanga, akaenda kupanga foleni.